Picha Yako Ina Jina?

Nyumbani kwetu kulikuwa na sanduku la bati. Lilikaa chini ya kitanda cha mama. Ndani yake mlikuwa na vyeti vya ubatizo, risiti za tumbaku na picha chache.

Picha moja ilikuwa ya bibi yangu. Bibi amekaa kwenye kiti. Nyuma yake amesimama mwanamke mwingine. Mwanamke huyo ameweka mkono begani mwa bibi. Kwa mbali unaonekana mwembe.

Mama alipofariki niliitoa picha ile sandukuni. Nikataka kujua yule mwanamke ni nani. Je, ni ndugu yake bibi? Je, ni jirani? Je, ni shoga yake? Niligeuza picha. Nyuma hapakuwa na neno hata moja. Niliwauliza wazee wa ukoo. Kila mmoja alitikisa kichwa. Mama alimjua, nami sikumwuliza alipokuwa hai.

Wakati ule wote nilijua kusoma na kuandika. Kalamu nilikuwa nayo. Kosa lilikuwa langu.

Picha ile ni nzuri, lakini ni bubu. Somo letu la leo lina mambo mawili. La kwanza ni kujifunza kupiga picha wewe mwenyewe. La pili ni kuhakikisha kwamba picha zako hazitakuwa bubu.

1. Kuandika kwa mwanga

Wataalamu wa Ulaya waliipa kazi ya kupiga picha jina lililotokana na lugha ya Kigiriki. Maana yake ni kuandika kwa mwanga. Wewe umekwisha jifunza kuandika kwa kalamu. Kuandika kwa mwanga hakutakushinda.

Kwanza tuone picha hutokeaje. Jaribu jambo hili nyumbani wakati wa mchana, jua likiwa kali.

Chagua chumba chenye dirisha linalotazama uwanja. Funga mlango na dirisha. Ziba kila ufa kwa nguo nzito au karatasi nene. Acha tundu moja dogo tu dirishani, lenye upana kama ncha ya kidole kidogo. Mtu mmoja ashike shuka jeupe mbele ya tundu, umbali wa hatua moja au mbili. Subirini mpaka macho yazoee giza. Kisha tazameni shuka. Msilitazame jua lenyewe kupitia tundu, maana litaumiza macho.

Mtauona mti ulio nje. Mtawaona mbuzi na watu wanaopita. Lakini wote watakuwa miguu juu, kichwa chini!

Sababu yake ni hii. Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Mwanga unaotoka juu ya mti hupita tunduni ukielekea chini. Mwanga unaotoka kwenye shina hupita tunduni ukielekea juu. Ndiyo maana picha hupinduka. Mtaalamu mmoja aliyezaliwa Basra, nchi ya Iraki, aliandika habari za mwanga na tundu dogo yapata miaka elfu moja iliyopita. Jina lake ni Ibn al-Haitham.

Kamera ni chumba kama hicho, ila ni kidogo sana. Kwenye tundu lake kuna kioo kiitwacho lenzi. Katika kamera za zamani, mwanga uliangukia kwenye kioo au mkanda uliopakwa dawa. Katika simu za siku hizi, mwanga huangukia kwenye kifaa kidogo kinachougeuza kuwa umeme. Kazi ni ile ile. Mwanga ndio unaoandika.

2. Njia ya misafara na majina yaliyopotea

Sisi wa Tabora tunakaa mahali palipopitiwa na watu wengi. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi ya Wagogo, ikafika Tabora. Hapa iligawanyika. Njia moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, kwenye ziwa Tanganyika. Nyingine ilikwenda kaskazini hadi Karagwe na Buganda.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30. Pembe za ndovu zilikwenda pwani. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilikuja bara. Watumwa nao walipitishwa katika njia hiyo hiyo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Misafara ya wapagazi ikafifia.

Je, katika maelfu ya wapagazi hao, tunawajua wangapi kwa majina? Ni wachache sana. Tazama mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa kamera yenyewe. Mwaka 1860 Waingereza wawili, Speke na Grant, walianza safari ya bara kutoka Unguja. Grant alikuwa na vyombo vya kupigia picha. Siku zile mpiga picha alihitaji vioo, dawa na hema lenye giza. Joto la ndani ya hema lilikuwa kali mno. Kazi ya picha ikaachwa, Grant akachora kwa mkono. Walifika Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1861. Leo simu moja mfukoni hufanya kazi ya mizigo ile yote.

Mfano wa pili ni wa mtoto. Mwaka 1871 mwandishi wa gazeti aitwaye Stanley alikaa Kwihara, karibu na Tabora. Alikuwa safarini kumtafuta Livingstone. Mfanyabiashara mmoja Mwarabu alimpa mtoto mtumwa. Stanley aliandika kwamba mtoto huyo aliitwa Ndugu M'hali. Jina hilo halikumpendeza Stanley. Mtoto akapewa jina jipya, Kalulu. Waliochagua jina hilo walikuwa watu wengine. Mwaka 1872 Stanley alimpeleka Uingereza. Huko London walipigwa picha pamoja. Kalulu alikufa mwaka 1877 katika maporomoko ya mto Kongo, akiwa bado kijana. Picha zake zipo hadi leo, nazo hutajwa kwa jina la Kalulu. Jina la kwanza tunalijua kwa sababu moja tu. Liliandikwa kitabuni.

Mfano wa tatu ni wa mtu aliyejua kuandika. Livingstone alikufa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya sasa. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Walipita hapa Tabora. Mmoja wao aliitwa Jacob Wainwright. Alikuwa Myao aliyekombolewa kutoka utumwani, akasomeshwa Nasik, nchini India. Kule Chitambo moyo wa Livingstone ulizikwa chini ya mti. Jacob alichonga maandishi kwenye shina la mti ule. Alichonga jina la marehemu na tarehe. Tena alichonga majina ya wakubwa wa msafara, watu weusi wenzake. Kipande cha mti huo kimehifadhiwa London hadi leo.

Umeona tofauti? Wengi waliopita njia hii hawakuacha jina. Pale alipokuwapo mtu mmoja ajuaye kuandika, majina yalibaki. Katika kijiji chako leo, mtu huyo ni wewe.

3. Unaweza kujifunza mwenyewe

Huenda utasema, "Mimi sikusoma chuo cha picha. Nitawezaje?"

Mfikirie mrina asali wa porini kwetu. Alipata wapi ujuzi wake? Alifuatana na wakubwa, akatazama. Akajaribu. Akaumwa na nyuki. Akajua kosa lake, akarudia. Leo yeye ndiye anayewafundisha vijana.

Mfikirie pia Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943. Alipokuwa mwanafunzi Dar es Salaam alipata kamera kuukuu, kamera ya bei ndogo yenye umbo la sanduku. Akajifunza kwa kuitumia. Baadaye alikuwa mmoja wa wapiga picha waliojulikana sana Afrika. Mwaka 1984 alipiga picha za njaa ya Ethiopia. Picha hizo zilionyeshwa duniani kote, na watu wengi wakatoa misaada. Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha huko Addis Ababa. Hakuacha kazi. Alikufa mwaka 1996 katika ajali ya ndege karibu na visiwa vya Komoro.

Basi njia ya kujifunza mwenyewe ina hatua tano:

(a) Chagua jambo moja dogo la kujifunza.
(b) Lijaribu.
(c) Tazama kazi yako, utafute kosa.
(d) Rudia siku ya pili.
(e) Mwonyeshe mwenzako, usikie maoni yake.

Usijifunze mambo kumi kwa siku moja. Hata kisomo ulianza na herufi chache.

Na kama huna simu yenye kamera? Chukua kipande cha boksi. Kata katikati yake dirisha dogo, lenye upana wa vidole vinne. Lishike mbele ya jicho moja. Tazama kijiji chako kupitia dirisha hilo. Amua nini kiingie na nini kibaki nje. Kazi kubwa ya mpiga picha ni kuchagua, na kuchagua hakuhitaji fedha. Tena darasa zima laweza kutumia simu moja kwa zamu.

4. Mambo sita ya kushika

Kwanza, futa lenzi kwa kitambaa laini kilicho safi. Vumbi na mafuta ya mkono hufanya picha iwe kama ina ukungu.

Pili, shika simu kwa mikono miwili. Bana viwiko ubavuni. Vuta pumzi, tulia, kisha bonyeza.

Tatu, angalia jua liko wapi. Jua likiwa nyuma ya mtu unayempiga picha, uso wake utakuwa mweusi. Mgeuze, au zunguka wewe. Saa sita mchana jua hutia kivuli machoni. Asubuhi na jioni ni bora. Ikiwa ni mchana, mweke mtu kwenye kivuli cha mti.

Nne, sogea karibu kwa miguu yako. Usiivute picha kwa vidole. Ukiivuta hivyo, mara nyingi huharibika.

Tano, tazama nyuma ya mtu. Je, mti unaonekana kama umeota kichwani pake? Je, kuna ndoo au nguo zilizoanikwa? Sogea hatua moja kando.

Sita, piga picha tatu za kila jambo. Ya kwanza kwa mbali, ionyeshe mahali. Ya pili kwa karibu kidogo, imwonyeshe mtu na kazi yake. Ya tatu kwa karibu sana, ionyeshe mikono au chombo chake.

5. Upige picha gani?

Usidhani picha ni za harusi na sherehe tu. Tazama vitu vinavyotoweka. Nyumba za tembe zimebaki chache. Miembe ya zamani iliyo kando ya njia hukatwa. Mizinga ya magome yaachiwa nafasi na mizinga ya mbao. Wazee wanaojua kufinyanga vyungu, kusuka vikapu na kufua chuma wanaondoka mmoja mmoja.

Ukiweza, nenda Kwihara. Ni kilometa chache tu kutoka mjini Tabora. Hapo pana tembe ambalo limefanywa makumbusho ya Livingstone. Utaona jinsi nyumba moja ilivyotunzwa. Ukirudi kijijini, jiulize: Nani atatunza habari za nyumba ya babu yangu?

6. Adabu ya mpiga picha

Omba ruhusa kwanza. Mwambie mtu sababu ya picha. Akikataa, shukuru uende zako. Akikubali, mwonyeshe picha baada ya kupiga. Usimpige picha mgonjwa, mfiwa au mtu anayeoga. Picha ya mtoto iombee ruhusa kwa wazazi wake. Usiisambaze picha ya mtu kwenye simu za wengine bila yeye kukubali. Usipige picha kwenye kambi za jeshi wala vituo vya polisi.

7. Ipe picha sauti

Sasa twafika kwenye kazi iliyo yako hasa, wewe uliyejifunza kuandika. Nunua daftari moja. Kila picha uliyoichagua ipe namba. Kisha jibu maswali matano:

Namba ya picha: ..............
Ni nani? ........................................
Anafanya nini? ..............................
Ni wapi? .......................................
Ni lini? .........................................
Nani alipiga picha? .......................

Andika jina kamili. Usiandike "bibi" tu, wala "mzee mmoja". Mwulize mwenyewe jina lake linavyotamkwa, kisha umsomee ulivyoandika. Akisema umekosea, futa uandike upya. Usimpe jina unalolipenda wewe. Mkumbuke Kalulu.

Kisha ongeza maneno machache aliyosema mwenyewe kuhusu kazi yake. Alifundishwa na nani? Alianza lini? Sentensi mbili au tatu zinatosha.

8. Kuhifadhi

Simu huibiwa, huanguka majini, hufa. Picha zote hufa nayo. Kwa hiyo kila mwaka chagua picha tano au kumi zilizo bora. Zipeleke studio mjini zikasafishwe kwenye karatasi. Nyuma ya kila picha andika namba na majina. Tumia penseli laini, wala usiikandamize. Wino wa kalamu waweza kupenya na kuchafua upande wa mbele.

Weka picha ndani ya bahasha kavu. Bahasha iweke kwenye sanduku la bati, mbali na mchwa, moshi, jua na paa linalovuja. Daftari likae hapo hapo.

9. Mpango wa majuma manne

Juma la kwanza: Jifunze mwanga tu. Piga picha ya mtu yule yule asubuhi, mchana na jioni. Linganisha.

Juma la pili: Jifunze umbali. Piga kazi moja kwa mbali, kwa karibu na kwa karibu sana.

Juma la tatu: Mtembelee mzee mmoja. Mpige picha akiwa kazini. Andika majibu ya maswali matano.

Juma la nne: Onyesha picha darasani. Soma maandishi yako kwa sauti. Wenzako waseme kilicho kizuri na kilichopungua. Kisha mfundishe mtu mmoja yale uliyojifunza.

Baada ya hapo anza tena na mzee mwingine. Ukitumia mwezi mmoja kwa kila mzee, baada ya mwaka daftari lako litakuwa na habari za wazee kumi na wawili.

Mwisho

Ndugu msomaji, ile picha ya bibi ninayo bado. Juzi nilichukua penseli nikaandika nyuma yake: "Aliyekaa ni bibi yangu, mzaa mama. Aliyesimama simjui." Niliandika pia tarehe na jina langu. Siwezi kumrudishia yule mama jina lake. Lakini mjukuu wangu hatadhani kwamba hakuna aliyeuliza.

Wewe unayo nafasi ambayo mimi niliikosa. Mzee wako bado yupo, anaota jua nje. Nenda ukamsalimu. Mwombe picha. Kisha mwulize jina lake kamili, uliandike.

Maneno ya kukumbuka

Bubu: asiyeweza kusema.
Lenzi: kioo cha kamera kinachopitisha mwanga.
Mpagazi: mtu aliyebeba mizigo katika misafara.
Mrina asali: mtu anayetoa asali mizingani.
Kusafisha picha: kuitoa picha kwenye karatasi.

Maswali

1. Kwa nini mwandishi asema picha ya bibi yake ni bubu?
2. Kwa nini picha katika chumba chenye giza hupinduka?
3. Grant alishindwa nini, na kwa sababu gani?
4. Jacob Wainwright alifanya nini kule Chitambo?
5. Taja hatua tano za kujifunza mwenyewe.

Majadiliano darasani

1. Ni vitu gani katika kijiji chetu vinavyotoweka? Andikeni orodha ubaoni. Chagueni vitatu vya kupigwa picha kwanza.
2. Je, ni haki kumpa mtu jina jingine kwa sababu jina lake halikupendezi?

Kazi ya nyumbani

Tafuta picha moja ya zamani nyumbani kwako. Wauwize wakubwa waliomo ni nani. Andika majina nyuma yake kwa penseli. Usipompata ajuaye, andika unayoyajua tu.